Kutumia kitenzi «raid» bila kumsingizia mtu: mwongozo kamili kwa wakalimani na waandishi wa Goma

Sentensi ya Kiingereza inasema: «Police raided a house in Birere», Birere ikiwa mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Congo. Tafsiri inayoletwa mezani ni hii: «Polisi walipora nyumba huko Birere». Kwa neno moja askari wamegeuzwa wezi, na redio ikishasoma hivyo asubuhi hakuna wa kuyarudisha maneno.

Kosa lingine linatokea upande wa pili. Mama wa Majengo amevunjiwa mlango na majambazi usiku. Mkalimani anamwandikia: «Her house was raided». Anayesoma akiwa Nairobi au Geneva anaelewa kwamba polisi au jeshi walikwenda kwa mama huyo kutafuta kitu. Anaanza kujiuliza alikuwa anaficha nini.

Wanaokosea hivi ni watu wanaokijua Kiingereza vizuri tu. Shida ni kwamba wanadai kitenzi kiwaambie mambo kisiyoyajua. «Raid» inaeleza namna watu walivyoingia: ghafla, kwa nguvu, bila hodi, wakiwa na nia ya kuondoka wakishapata walichokifuata. Waliingia akina nani, kwa haki gani, wakatoka na nini? Kitenzi hakisemi. Majibu yapo kwingine ndani ya habari, na hatua zifuatazo zinaonyesha pa kuyatafuta.

## Utakachohitaji

- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya wanafunzi yenye sentensi za mfano. Kamusi ya lugha mbili itakumwagia «vamia, shambulia, pora» mfululizo bila kukuambia lini utumie lipi, na hapo ndipo wengi wanateleza.
- Kamusi ya Kifaransa. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kinaingia katika kazi hii hata usipokialika.
- Habari nzima, au walau aya nzima. Usikubali kutafsiri sentensi moja uliyotumiwa kwa WhatsApp.
- Karatasi yenye safu tatu: NANI, WAPI, WALITOKA NA NINI.
- Mwenzako mmoja ambaye hajaona maandishi ya asili. Utamhitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Lisikie neno sawasawa

Waingereza hutamka «reid», kwa silabi moja. Mswahili akilisoma jinsi lilivyoandikwa hutamka «raidi», na Mwingereza hapo anasikia «ride», yaani kupanda pikipiki au gari. Aliyezoea Kifaransa hutamka «red», na Mwingereza anasikia rangi nyekundu. Vinywa vitatu, maneno matatu.

Wakati uliopita ni «raided», nao unatamkwa kwa silabi mbili, «rei-did». Kitenzi chenyewe ni cha kawaida, hakibadiliki umbo kwa vituko: raid, raids, raided, raiding.

Onyo: ukiwa unakalimani kwa sikio na huna uhakika kama mtu amesema «raid» au «ride», simamisha mazungumzo uulize. Mkalimani anayeuliza anadharauliwa kwa dakika moja. Anayekisia anaweza kumpeleka mtu pabaya.

Umefaulu ikiwa: mwenzako anakuandikia neno sahihi bila wewe kumtajia herufi.

## Hatua ya 2: Jaza safu tatu kabla ya kugusa kitenzi

Chukua sentensi hii ya kutunga: «Soldiers raided two compounds in Ndosho before dawn on Tuesday and detained eleven men.»

NANI: wanajeshi. WAPI: parseli mbili (viwanja vyenye nyumba) za Ndosho. WALITOKA NA NINI: wanaume kumi na mmoja. Ukishajaza hivyo, Kiswahili kinakuja chenyewe: «Wanajeshi walifanya msako katika parseli mbili za Ndosho kabla ya kukucha siku ya Jumanne, wakakamata wanaume kumi na mmoja.»

Hapa Goma mtu atakuambia uandike «bouclage», kwa kuwa ndilo neno la mtaani. Lisubirishe kwanza. Bouclage ni kuizingira kartie nzima, yaani mtaa mzima, njia zikafungwa, watu wakaambiwa wasitoke, halafu nyumba zikaanza kupekuliwa moja baada ya nyingine. Parseli mbili hazifikii hapo. Kiingereza kikisema «cordon and search», hiyo ndiyo bouclage yenyewe. Operesheni kubwa ya mji mzima, kama ile ya «Safisha Muji wa Goma» ya mwaka 2024, Kiingereza huiita «sweep» au «crackdown», na «raid» huwa ni uingiaji mmoja tu ndani ya operesheni hiyo.

Safu ikikosa jibu, andika «haikutajwa» na uiache hivyo hivyo hadi kwenye tafsiri. Sentensi iliyoishia «police raided the depot» haijasema kwamba mtu alikamatwa wala kwamba mali ilichukuliwa. Kuongeza «wakawakamata wahusika» kwa sababu ndivyo misako huwa inaisha ni kutunga habari.

Umefaulu ikiwa: kila kilichomo kwenye karatasi yako unaweza kukionyesha kwa kidole katika maandishi ya asili.

## Hatua ya 3: Tazama kinachofuata kitenzi

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Angalia yambwa, ile ambayo shuleni tuliiita complément d'objet direct.

«Raid» hufuatwa na mahali au watu walioingiliwa. Haifuatwi na kitu kilichochukuliwa. Unaweza kusema «they raided the shop», lakini «they raided the rice» haisemeki. Ndugu zake wana tabia zao:

- «Steal» hufuatwa na kitu: mchele, simu, pesa. Ni sawa na kuiba.
- «Rob» hufuatwa na mtu au mahali palipoibiwa: walimwibia mama, waliibia benki.
- «Loot» inakubali vyote viwili, duka au mchele. Kiswahili chake ni kupora, ambacho nacho kinakubali vyote viwili.
- «Ransack» hufuatwa na mahali, na inaeleza hali pahala hapo palivyoachwa: kabati wazi, magodoro yamechanwa, nguo chini. Huenda hakuna hata sindano iliyochukuliwa.
- «Plunder» na «pillage» ni za mambo makubwa zaidi, mji au jimbo zima, na zina harufu ya vita.

Mwanafunzi anayetafsiri «raid» kwa kupora ameruka kutoka namna ya kuingia hadi kilichobebwa. Kiswahili chetu kinavitenganisha vizuri mno tukikiachia nafasi: *walituvamia, wakatupora simu*. Kuingia kuna kitenzi chake, kuchukua kuna kitenzi chake.

Onyo la sarufi: kitenzi hakitaki kihusishi. Ni «raided the market», kamwe si «raided on the market». Nomino ndiyo inayotaka «on»: «a raid on the market». Kosa hili dogo linamfanya mhariri wa nje aishuku ripoti yako nzima, hata kama mengine yote ni sahihi.

## Hatua ya 4: Chagua neno la Kiswahili kwa kumtazama aliyeingia

Nenda polepole hapa, maana kazi yenyewe iko katika hatua hii.

Ni polisi? Anza na *kufanya msako* au *kupekua*. Magazeti ya Kenya na Tanzania huandika «polisi wavamia» bila wasiwasi, na wasomaji wao wamezoea. Masikioni mwa mtu wa Goma, kuvamia ni kushambulia. Mimi neno hilo nawaachia walioingia bila haki, au habari ambayo chenyewe chanzo chake kinalalamikia ukatili wa askari. Usiongeze pia «wakiwa na hati ya upekuzi» kama haikutajwa. «Raid» inaweza kuwa na hati ya mahakama au isiwe nayo, na neno lenyewe halikuambii.

Polisi wakiondoka na watu wengi kwa mkupuo, bila kumchagua mtu, Kiswahili kina neno tamu kabisa: *kamatakamata*. Kiingereza hapo husema «round-up».

Ni jeshi au kikundi chenye silaha? *Kuvamia* inafaa, na nomino salama ni *shambulio la ghafla*. Jihadhari na «uvamizi» ikisimama peke yake. Katika habari za nchi na mipaka, uvamizi husomeka kama «invasion», jeshi kuingia na kukaa. Anayefanya «raid» anaingia na kutoka. Mfano unaotajwa sana ni wa Entebbe, Uganda: usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walitua uwanjani, wakawaokoa mateka zaidi ya 100 na kuruka nao usiku ule ule. Hiyo Kiingereza huiita «raid». Sina haja ya kueleza jinsi kulichanganya hilo na uvamizi kunavyoweza kuwasha moto katika mji uliokaa mpakani kama wetu.

Na «raid» inaweza kushindwa ikabaki na jina lake. Leander Starr Jameson, mtu wa kampuni ya kikoloni ya Waingereza, aliingia Transvaal, jamhuri ya Makaburu katika Afrika Kusini ya leo, na wapanda farasi wake tarehe 29 Desemba 1895, akajisalimisha tarehe 2 Januari 1896 bila kupata alichokifuata. Wanahistoria bado wanaiita «Jameson Raid». Kumbuka hilo kila kitakapokujia kishawishi cha kuandika *waliteka* au *walipora* mahali ambapo Kiingereza kimesema «raided» tu.

Ni majambazi? *Kuvamia*, kisha *kupora* au *kuiba* kama habari inataja kilichobebwa. Waingereza wana «bank raid», na hapo ni ujambazi tu, polisi hawamo. Ndiyo maana safu ya NANI inajazwa kwanza.

Ni wezi wa ng'ombe? Ukikutana na «cattle raid» katika habari za Masisi au za Turkana, usiseme «walivamia ng'ombe». Kinachovamiwa ni zizi au kijiji: *walivamia kijiji wakaswaga ng'ombe*. Kuswaga ndilo neno lenyewe la kuwapeleka ng'ombe mbele kwa fimbo na kelele.

Ni ndege? «Air raid» ni *shambulio la anga*. Hakuna anayeingia popote, kwa hiyo msako na kuvamia havina nafasi.

Ni wakaguzi wenye tai na kompyuta? «Dawn raid» katika habari za biashara ni *ukaguzi wa kushtukiza*. Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ikishuku kwamba makampuni yamepanga bei kwa siri, wakaguzi wake huingia ofisini bila taarifa, na jina hubaki «dawn raid» hata wakifika jua limeshapanda. Kwenye soko la hisa maneno hayo hayo yana maana nyingine kabisa: mtu kununua fungu kubwa la hisa za kampuni mara tu soko linapofunguliwa. Ukiandika «uvamizi wa alfajiri» katika habari hizi mbili, msomaji atatafuta bunduki asizione.

Ni mkubwa anayegusa mfuko wa watu? «The government raided the pension fund» ni *serikali ilichota fedha za mfuko wa pensheni*. Kuchota kunatosha, tena kunauma vizuri. «Iliiba» ni mashtaka ambayo mwandishi wa asili hakuyatoa.

Ni mwajiri anayechukua watu wa mwenzake? Klabu inaweza «raid» klabu nyingine kwa ajili ya wachezaji. Andika *imechukua* au *imenyakua wachezaji wa* fulani. Waandishi wa Goma hawahitaji mfano: mashirika yanayoajiri kwa dola yamekuwa yakituchotea waandishi wazuri kila wanapoiva.

Ni watoto na friji? «The kids raided the fridge» ni mzaha, na Kiswahili kinaupokea bila shida: *watoto wamevamia friji*. Hapa mwache «vamia» acheze.

Ukiona RAID kwa herufi kubwa, acha kutafsiri. Kwenye kompyuta ni namna ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kwa pamoja. Katika habari za Ufaransa ni kikosi maalumu cha polisi, kilichoundwa mwaka 1985.

Umefaulu ikiwa: ukimfunika mwenzako jina la mhusika, kitenzi ulichochagua kinamtosha kukisia ni mtu wa aina gani aliyeingia.

## Hatua ya 5: Kutoka Kiswahili chetu kwenda Kiingereza

Safari hii ni ngumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi kinachotafsiriwa ni ushuhuda wa mtu, na uamuzi juu ya maisha yake unaweza kusimama juu ya kitenzi kimoja. Tuchukue maneno haya ya kutunga, kwa Kiswahili cha mjini:

«Bezi baliingiya na usiku, bakavunja kadena, bakabeba televizyo na makuta yote. Vintu vyote balitupa chini.»

Mkalimani mwenye haraka: «Her house was raided and looted by armed men.» Hesabu alichoongeza. Mama hakutaja silaha. Alisema *bezi*, wezi, mkalimani akaandika watu wenye silaha. Kadena iliyovunjwa imepotea, na pengine ndiyo iliyokuwa ushahidi wake.

Tafsiri ya haki ni: «Thieves came at night, broke the padlock and took the television and all the money. They threw everything on the floor.» Maneno mepesi, kila moja lina mwenyewe. Ukilazimika kufupisha kwa ajili ya fomu, «broke into» na «stole» zinatosha, na «ransacked» inabeba vile vitu vilivyotupwa chini.

Akisema «balivaa manguo ya basoda», andika «men wearing military uniform». Usiandike «soldiers». Yeye ameona nguo, na nguo za kijeshi mashariki mwa Congo zimevaliwa na wengi.

Akisema «balifanya pillage», hiyo ni «looting». Ndiyo maana kilichotokea Kinshasa Septemba 1991, pale wanajeshi waliokuwa wakilalamikia mishahara walipoanza na raia wakafuata, Kiingereza hukiita «looting» na Kifaransa «les pillages». Ndiyo maana pia mabohari ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kule Bukavu, Februari 2025, yaliripotiwa kuwa «looted»: habari ilikuwa chakula kilichobebwa, tani zipatazo 7,000. Ungeandika «raided» msomaji angebaki anauliza nani aliamuru msako.

Kanuni ya ushuhuda: ukitumia «raid», mtaje mtendaji mbele yake. «Men in military uniform raided the house» inaeleweka. «The house was raided», bila mtendaji, kwa masikio ya Mwingereza au Mmarekani inaelekea kwa polisi moja kwa moja.

Umefaulu ikiwa: ukimrudishia shahidi tafsiri yako kwa Kiswahili, neno kwa neno, anasema «ndiyo» bila kuongeza «lakini».

## Hatua ya 6: Mkague Kifaransa aliyejificha

Mtu wa Goma akiona «raid» kichwa kinakimbilia neno la Kifaransa lenye herufi zile zile. Hilo hutumika kwa mashambulio ya kijeshi na ya ndege, na hata kwa mashindano marefu ya jangwani au milimani. Kwa polisi Kifaransa kina maneno mengine, nayo yanagawanyika kuliko Kiingereza. *Descente de police* ni «police raid». *Perquisition* ni upekuzi wa kisheria, kwa Kiingereza «search». *Rafle* ni kamatakamata. *Incursion* ni kuingia eneo la mwingine, nayo haisemi kama mtu alipigwa.

Kwa hiyo, ukipewa ripoti ya Kifaransa yenye *perquisition*, usiipandishe cheo ikawa «raid». Huenda askari walibisha hodi, wakaonyesha karatasi, wakakaribishwa kiti.

## Hatua ya 7: Jaribio la mwisho

Mpe mwenzako tafsiri bila maandishi ya asili. Muulize: nani aliingia? Aliingia wapi? Alitoka na nini? Andika majibu yake, kisha yalinganishe na karatasi yako ya hatua ya 2.

Akijibu zaidi ya kilichomo kwenye karatasi, kitenzi chako kimesema uongo. Akijibu pungufu, umemwangusha mtu au kitu njiani. Rudi hatua ya 4.

Maliza na kichwa cha habari, kwa sababu ufupi ndio unaotuponza. «Msako Birere, watatu wakamatwa» ni kifupi na ni cha kweli. Mhusika asipojulikana, andika «Watu wasiojulikana wavamia nyumba Birere», hata kama nafasi ni finyu. Usiandike «Nyumba yavamiwa Birere» ukaishia hapo. Msikilizaji atamweka mhusika anayemtaka mwenyewe, na Goma kila mtu ana wake.